Kikosi cha Tatu: Ligi ya Vijana ya Melbourne Iliyofikia Mwisho Mwaka 1991

Katika historia yote ya futiboli ya Kiaustralia, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu, hakuna mashindano ninayoyathamini kama ligi ya vijana wa chini ya umri wa miaka 19 iliyoendeshwa na VFL, yaani ligi kuu ya jimbo la Victoria, kuanzia mwaka 1946 hadi 1991. Wengi huikumbuka kama chujio la kuwapata wachezaji wa timu kubwa, lakini naamini ilikuwa zaidi ya hapo: ilikuwa namna ya klabu kumlea kijana wake yenyewe, mbele ya macho ya watu wake yenyewe.

Ilianzishwa mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika, wakati VFL ikiwa na klabu 12, zote zikiwa Melbourne na vitongoji vyake isipokuwa Geelong. Kikosi cha akiba kilikuwa na mashindano yake tangu mwaka 1919, hivyo vijana wakawa kikosi cha tatu, na ndivyo walivyoitwa kwa muda mrefu. Mchezaji bora na mwenye nidhamu kuliko wenzake alitunukiwa nishani ya Morrish.

Kwa miaka mingi siku ya mechi ilikwenda kwa ngazi. Vijana waliingia uwanjani asubuhi, majukwaa yakiwa karibu matupu, wakafuatiwa na kikosi cha akiba, kisha alasiri timu kubwa ikatokea mbele ya maelfu ya watu. Katika majira ya baridi, uwanja ambao ulikuwa umekwisha kukanyagwa na mechi mbili ulikuwa matope matupu timu kubwa ilipofika. Kijana wa miaka 17 aliweza kumaliza mechi yake, kuoga, kubadili nguo, na kusimama kwenye uzio kumtazama mtu mzima aliyevaa jezi ya rangi zilezile akicheza katika nafasi ileile aliyocheza yeye asubuhi. Sijui shule gani ya mchezo ingeweza kumfundisha zaidi ya hapo.

Ligi hii haieleweki vizuri bila kanda. Kila klabu ilikuwa na vitongoji vyake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaongezwa kanda za mashambani, ili kijana wa sehemu fulani awe wa klabu fulani tangu utotoni mwake. Si kanda zote zilikuwa na rutuba sawa. Hawthorn, iliyopewa rasi ya Mornington, ilivuna vipaji ambavyo wapinzani wake waliviangalia kwa wivu. Lakini kwa kuwa klabu ilijua kwamba vijana wa kanda yake hawachukuliwi na mwingine, ilikuwa na sababu ya kutosha ya kugharimia makocha na mazoezi yao.

Aliyeonyesha thamani ya kazi hiyo kuliko wote ni Denis Pagan. Alikuwa amewahi kuichezea North Melbourne, na kuanzia mwaka 1983 hadi 1991 akawafundisha vijana wake; katika misimu hiyo yote tisa aliwafikisha fainali kuu, na mara tano wakatwaa ubingwa, ukiwemo ule wa mwisho kabisa wa ligi hiyo. Mikononi mwake alipita Wayne Carey, mzaliwa wa Wagga Wagga, mji uliokuwa katika kanda ya klabu ya Sydney, ambaye North Melbourne ilimpata kwa kuwalipa Sydney dola 10,000 tu. Pagan alipokabidhiwa timu kubwa mwaka 1993, Carey, akiwa na umri wa miaka 21, akawa nahodha wake, na wawili hao wakatwaa ubingwa wa Australia mwaka 1996 na 1999. Kocha alikuwa amemjua nahodha wake tangu akiwa kijana wa kikosi cha tatu. Sioni jinsi ya kuyaeleza mafanikio yale bila kulitaja hilo.

Hata hivyo, wakati Pagan angali akiwafundisha vijana hao, ardhi ilikuwa imeshaanza kuhama chini ya miguu ya ligi yao. Mwaka 1986 ulifanyika mchujo wa kwanza wa kitaifa, ambamo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka uliofuata timu za Perth na Brisbane zikajiunga, na mwaka 1990 jina la VFL likabadilishwa kuwa AFL, yaani ligi ya futiboli ya Australia. Ligi iliyotaka kuwa ya taifa zima haikuweza kuziachia klabu za Melbourne haki ya kujilimbikizia vijana wa jimbo lao, ilhali klabu za majimbo mengine hazikuwa na kikosi kama hicho katika mashindano yale. Kwa upande wa haki, uamuzi wa kuifunga ligi ya vijana ulikuwa sahihi, nami siupingi.

Mwaka 1992 yakaanza mashindano mapya ya chini ya umri wa miaka 18, yenye timu zisizomilikiwa na klabu kubwa yoyote, kama Geelong Falcons na Western Jets, na baadaye zile za mashambani kama Bendigo Pioneers, Gippsland Power na Murray Bushrangers. Yalirithi nishani ya Morrish, na kwa miaka mingi yakajulikana kwa jina la mfadhili wake, TAC, tume ya jimbo inayowafidia waathirika wa ajali za barabarani. Kijana wa Bendigo sasa aliweza kubaki nyumbani na kumaliza shule huku akicheza katika kiwango cha juu, jambo ambalo kikosi cha tatu hakikuweza kumpa bila kumhamishia Melbourne. Alichokosa ni klabu: hadi siku ya mchujo hakujua atavaa jezi ya nani, na klabu itakayomchukua haikuwa na wajibu wowote juu yake kabla ya jina lake kutajwa.