Kabla ya bei, waulize kuhusu usiku

Wanaokuja kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kuniuliza ni wengi siku hizi. Anakuja jirani, anakuja mtu wa kwaya, juzi alikuja dada mmoja wa Ruashi ambaye simjui, ameelekezwa tu. Shida yao ni ile ile. Hospitali imesema haina zaidi ya kufanya, mgonjwa amerudishwa nyumbani, na kuna watu wanaojitangaza kwamba wanatunza wagonjwa wa namna hiyo. Wananiita yaya, yaani ndugu mkubwa: yaya, tutajuaje kama ni watu wa maana?

Nimejibu mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni, kwa haraka. Leo naandika, ili jibu likae mahali pamoja.

Waulize kuhusu usiku. Kabla ya bei, kabla ya kujua wana madaktari wangapi, waulize hivi: saa nane za usiku mgonjwa akilia kwa maumivu, nimpigie nani, nimpe nini, na dawa hiyo itakuwa wapi saa hiyo? Wakikujibu papo hapo, wakakutajia mtu na dawa, endelea kuongea nao. Wakikwambia utapiga asubuhi, umeshawajua.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mtu wa tanuri za shaba, mpaka alipotoka pamoja na wale maelfu walioondolewa kazini 2003 na 2004. Saratani yake ilikuwa ya tezi dume, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga na ya mgongo. Aliyemtunza mtu wa namna hiyo anajua: mchana kuna wageni, kuna redio, kuna kelele za watoto. Usiku anabaki yeye na mgongo wake, na akijigeuza kidogo tu kitandani nyumba nzima inaamka.

Timu ya kwanza tuliyoita sitaitaja. Walikuwa wasafi, wenye adabu, walikuja na gari. Walimpima presha, wakampima joto, wakatundika serumu, yale maji ya mshipani, wakaandika faktire, yaani karatasi ya malipo. Presha ya papa ilikuwa nzuri kila mara. Ilikuwa nzuri hata siku alizokuwa anauma shuka ili asipige kelele. Hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza anaumwa kiasi gani. Usiku simu yao ilikuwa imezimwa, na asubuhi walikuta papa amechoka, wakaandika kwamba amelala vizuri. Tulipochelewa kulipa wakaacha kuja, bila kuaga. Hilo la mwisho liliniumiza, lakini hata wangeendelea kuja bure ningesema hivi hivi: hawakuwa wanamtunza papa, walikuwa wanahesabu vitu vinavyohesabika kwa mashine.

Timu ya pili tulielekezwa na sista wa parokia. Siku ya kwanza alikuja mama mmoja muuguzi, kwa pikipiki, na mfuko wa begani. Alivuta kiti, akakaa uso wake ukiwa sawa na wa papa, akamsalimu, akamuuliza habari za kazi yake ya zamani. Halafu akamwambia: "Papa, ngumi ni kwamba hakuna maumivu hata kidogo. Vidole vitano ni maumivu makali kupita yote uliyoyajua. Jana usiku ilikuwa vingapi?"

Papa akainua mkono wa kulia. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu, viwili vilibaki kiwandani zamani sana. Aliinua vyote vitatu. Mtu mwenye haraka angeandika tatu. Yule mama akautazama mkono, akanyamaza kidogo, akasema: "Nipe wa kushoto, papa." Wa kushoto ukainuka, vidole vyote vitano vimenyooka.

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la maji. Pale pale nilijua tumepata watu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kipimo hicho cha mkono kina mahali kilikotoka. Jumuiya ya Huduma Shufaa ya Afrika (huduma shufaa ni hii ya kumtunza na kumpunguzia maumivu mgonjwa wa namna hii), ambayo makao yake yako Kampala, ina dodoso fupi la maswali 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemtunza, kila moja linajibiwa kwa sifuri mpaka tano. Maumivu ni swali moja tu. Mengine yanauliza kama mgonjwa ana wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama ana amani. Kwa hiyo mtu akija kwako akisema anafanya huduma shufaa, angalia kama kuna daftari, na kama ndani ya daftari kuna namba ya maumivu ya jana, ya leo, na kilichofanywa katikati. Namba ikiandikwa tano na dawa ikabaki ile ile wiki nzima, daftari hilo ni mapambo.

Sasa tufike kwenye mofini, ile dawa kali ya maumivu, maana hapa ndipo familia nyingi zinagombana. Kwetu baba mdogo alisimama kabisa: mkimpa mofini mnamuua kaka yangu. Yule muuguzi hakumkasirikia. Alimwomba akae, akamweleza kwamba mofini ya maji ya kunywa inaanzwa kwa kipimo kidogo, inaongezwa polepole kwa kufuata maumivu, na mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa ajili ya maumivu si sawa na mtu anayetafuta kulewa. Alisema wazi kwamba siku za mwanzo atasinzia, pengine atapata kichefuchefu, na kwamba mara nyingi hayo hupungua. Akasema jambo moja halipungui lenyewe: choo kitafunga. Kwa hiyo siku ile ile alileta na dawa ya kulainisha choo. Mimi sasa natumia hilo kama kipimo. Mtu akikuletea mofini bila dawa ya choo, muulize kwa nini, na akikosa jibu, mofini hajaizoea.

Kipimo kingine ni saa. Mofini ya maji nguvu yake inadumu kwa muda wa kama saa nne, basi inanywewa kwa saa, si kwa kusubiri mtu alie. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku kipimo mara mbili ili alale bila kuamshwa. Na pembeni kipimo cha akiba, cha maumivu yanayoruka katikati. Umeme wa Katuba mnaujua. Muuguzi alizungusha plasta nyembamba kwenye bomba la sindano, pale pale penye mstari wetu, ili mama aweze kupima kwa mwanga wa simu bila kusoma namba. Kila alipokuja aliinua chupa, akaangalia kilichobaki, akalinganisha na daftari. Mwanzoni mama aliona kama anashukiwa wizi. Lakini dawa hii inadhibitiwa na sheria, na chupa iliyobaki imejaa mno inamwambia muuguzi kwamba nyumbani watu wanaogopa kuitoa.

Usiku mmoja yale maumivu yaliruka. Nilipiga simu, akapokea yeye mwenyewe, sauti ya usingizi. Aliniuliza kwanza: miguu yake anaisogeza? Nikasema ndiyo. Mkojo unatoka? Ndiyo. Basi akaniambia nitoe kipimo cha akiba, nikae naye, nimpigie tena baada ya nusu saa. Wakati ule sikuelewa miguu inahusu nini na mgongo. Asubuhi alinieleza: saratani ikishaingia kwenye uti wa mgongo inaweza kubana mishipa ya fahamu, na miguu ikianza kulegea, au mkojo ukizuilika, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku, la sivyo mtu hatasimama tena. Timu ya kwanza haikuwahi kugusa miguu ya papa. Huyu aliigusa kila alipokuja, akimwambia asukume kiganja chake kwa unyayo.

Uliza pia ni nani anayeweza kuandika mofini daktari akiwa hayupo. Uganda waliliona tatizo hili mapema. Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya hospisi, ya kutunza wagonjwa walio karibu na mwisho, Kampala 1993, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalum wanaruhusiwa kuandika mofini wao wenyewe. Kwetu kila kitu kinasubiri saini ya daktari, kwa hiyo timu nzuri inapanga mapema: daktari wao anapita, anaandika, na chupa mpya inafika kabla ya ile ya zamani haijaisha. Uliza tu, "Ijumaa chupa ikiwa karibu kwisha, inakuwaje?" Jibu la Ijumaa linasema mengi.

Baba mdogo alikuwa na fedha ya kumpeleka papa Lusaka, Zambia, kuchomwa mionzi, kwenye ile hospitali ya saratani iliyofunguliwa 2007. Daktari wa timu hakutukatisha tamaa wala hakutudanganya. Alisema mionzi, hata ya mara moja tu, inaweza kupunguza maumivu ya mfupa, lakini saratani haitaondoka. Akatuambia tufikirie barabara, foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, na mgongo wa papa juu ya kiti cha gari. Kisha akageuka akamuuliza papa mwenyewe. Katika miezi yote ile ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hospitali kumuuliza papa anataka nini, sisi tukiwa tumekaa kimya. Papa akasema hapana, anataka kukaa kwenye parsela yake, kiwanja chake na nyumba yake.

Na parsela ndiyo ilikuwa maumivu mengine. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's kule London 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya familia na ya roho kwa pamoja. Nilikuwa sijasoma hayo nilipomsikia muuguzi akimuuliza papa: mbali na mgongo, kitu gani kinakunyima usingizi? Papa alisema karatasi za parsela. Alikuwa na watoto wa nyumba mbili, na aliogopa tutapigana juu ya matanga yake. Timu haikuandika karatasi zile, si kazi yao. Walituambia tu tusilale juu ya jambo hilo. Tuliita wazee wa avenyu, yaani wa mtaa wetu, watoto wa mama mkubwa, wa nyumba ile nyingine, wakaja, ikaandikwa, ikasainiwa. Sitasema mofini ilipungua. Vidole vilishuka kutoka vitatu mpaka kimoja, na kipimo cha dawa kilikuwa kile kile.

Jambo la serumu litawapata wote, kwa hiyo jiandaeni. Papa alipoacha kula, ndugu walidai serumu. Mtu hali, anakufa njaa, wekeni serumu! Muuguzi alitueleza kwamba mwili unaozimika hauombi chakula tena, na maji mengi ya mshipani wakati huo yanaweza kuvimbisha miguu na kujaza kifua. Akatufundisha kulowesha midomo kwa kitambaa safi, kusafisha ulimi, kumpa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kidogo kwa kijiko akiomba. Aliomba. Timu inayoweka serumu kila siku kwa sababu familia inaitaka, na kwa sababu serumu inaandikika kwenye faktire, iogopeni.

Mama yangu alidhoofika kuliko tulivyoona sisi watoto. Ni watu wa timu waliomuuliza: mama, unalala? Nani anakushika mkono? Wakapanga zamu nasi, wakamfundisha binti yangu kumgeuza babu yake kila saa mbili ili mgongo usipate vidonda.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji huduma ya namna hii, na wanaoipata ni kama 14 kati ya 100. Kwa hiyo wengi wenu mnaosoma hamtakuwa na timu mbili za kuchagua, pengine hata moja. Basi mpelekeeni muuguzi wa kituo cha afya maswali haya haya. Mwombeni ampime mgonjwa kwa vidole, mwombeni aulize daktari wake kuhusu mofini ya kunywa, na mpatane naye mapema juu ya simu ya usiku na nauli ya pikipiki. Kuhusu bei, iandikwe tangu siku ya kwanza: kila ziara ni kiasi gani, nauli ni ya nani, dawa ni za nani, na mkikosa fedha mwezi huu nini kitatokea.

Baada ya mazishi watu wa timu ya pili walirudi mara mbili. Mara ya kwanza walichukua mofini iliyobaki, wakaipima mbele yetu, wakaandika, mama akasaini. Mara ya pili hawakuwa na mfuko. Walikuja kumwona mama.

Jina lao silitoi hapa, kwa sababu wauguzi wenyewe ni wachache na simu zao tayari hazipumziki. Njoo nyumbani nitakuelekeza. Uje na karatasi za hospitali, na uje umeshamuuliza mgonjwa wako jana usiku ilikuwa vidole vingapi.