Mwizi wa Dagaa na Mbalamwezi

Saa 11 alfajiri. Nyumba nzima imelala, hapa Mwanga, mjini Kigoma. Naanza kuandika kabla hata sijanawa uso, maana nikishanawa nitahesabika niko macho na nitatumwa maziwa.

Niko sura ya 14. Mpelelezi wangu ni koplo mstaafu mwenye baiskeli isiyo na breki, kwa hiyo wahalifu wengi huwakamata kwa kuwagonga. Safari hii anatafuta magunia 9 ya dagaa yaliyoibwa Kibirizi. Mwizi namjua tangu sura ya pili. Kazi ni kumficha msomaji asimjue, na kwa Kigoma hilo si dogo. Hapa ukinunua shati saa tatu, saa nne Ujiji wanajua bei yake, na kwamba umelikopa.

Saa 1:30 asubuhi nashuka mwaloni Kibirizi. Yupo mama mmoja mwanika dagaa ambaye kila sura huisikia kabla ya mhariri. Nampa shikamoo, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasoma. Yeye anaendelea kutandaza dagaa wake, kichwa hainui. Nikafika pale mwezi unapong'aa mpaka koplo anaona nyayo mchangani, na kijana mmoja anateremka kwenye kipe, boti ya wavuvi wa dagaa, mabega yamelowa, anatoka kuvua.

"Mwanangu, umesema mwezi unang'aa?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo anatoka kuvua dagaa?"

"Ndiyo."

Akaita wenzake. Nikajua nimekwisha.

Nimezaliwa mji huu na bado nilisahau. Dagaa huvuliwa kwa taa: zamani karabai, siku hizi za sola. Kukiwa giza samaki hukusanyika penye mwanga, wavu unawainua. Mwezi ukipevuka ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanakaa nyumbani siku kadhaa wakishona nyavu na kugombana na wake zao. "Hata mwaka 2024 ziwa lilipofungwa uvuvi miezi mitatu," alisema yule mama, "wewe ungetuandikia watu wanateremsha dagaa tu." Kicheko chao kilinisindikiza mpaka kwenye bodaboda.

Saa 3 mpaka saa 6 ni za gazeti. Makala yangu ya kila wiki ndiyo inayonunua unga. Riwaya inanunua chumvi. Wiki hii nimemwandikia mtu anayemkwepa mdai wake. Nimemwambia asijisumbue, huku kwetu hata kilichozamishwa huibuka: meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mpaka leo inadaiwa safari. Umeme ukakatika nikiwa aya ya mwisho. Nikamalizia kwa simu, kidole kimoja, nikatuma.

Saa 8 mchana, mgahawani. Ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Sijamega tonge la pili, mzee mmoja akavuta kiti.

"Yule bahili wa kitabu kilichopita ni mimi."

"Hapana, mzee wangu. Wa kubuni yule."

"Mbona ana kofia ya bluu?"

Nikaapa. Akaniangalia, akanywa chai yake taratibu, akainuka bila kuaga. Chai hiyo nikailipia mimi. Fundi cherehani wa mlango wa pili naye akaja na lake: vitabu vitatu vyote hayumo, amenikosea nini?

Mchana uliobaki niliupoteza. Nilifikiri kuuondoa mwezi, lakini bila mwezi koplo hazioni nyayo. Nikafikiri kumtupa kijana ziwani na kesi yake, ila Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, na nimeshajiwekea mwiko wa kutupa ushahidi humo. Ni uvivu. Kila mwandishi wa pwani hii angemaliza kitabu sura ya tatu.

Saa 2 usiku nimekaa barazani. Ziwani hakuna taa hata moja. Kwa kawaida ukiangalia kule usiku utadhani kuna mji wa pili. Leo ni maji matupu na mwezi juu yake, wa duara kama sinia. Mama watoto akauliza mbona nacheka peke yangu. Sikumjibu, nilikuwa natafuta kalamu.

Nimeandika hivi. Koplo anamsimamisha kijana ufukweni.

"Unatoka wapi?"

"Ziwani, afande. Kuvua dagaa."

Koplo akainua uso, akautazama mwezi kwa muda. Kisha akashuka kwenye baiskeli, kwa mara ya kwanza katika sura 14 bila kumgonga mtu.