Siku moja maishani mwangu: kusaka mbegu za saga kwenye benki za jeni

Saa mbili asubuhi, Kabete, karibu na Nairobi. Kazi yangu ni kutafuta mbegu kwenye benki za jeni, yaani maghala yanayohifadhi sampuli za mbegu. Ombi la leo ni saga, mboga ya kienyeji ya majani (mgagani), inayochelewa kutoa maua. Kabla ya kuwasha kompyuta naandika ninachotafuta: majani mengi kabla ya maua, rangi ya shina, mwinuko wa mahali mbegu ilikokusanywa. Ukiomba "saga zote" utaletewa mzigo usio na shamba la kuupanda.

Saa tatu. Naingia Genesys, tovuti ambako benki nyingi za dunia zimeweka orodha zao. Natafuta *Gynandropsis gynandra*, kisha *Cleome gynandra*. Mmea ni huo huo, ila sampuli nyingi bado zimeandikwa kwa jina la zamani. Managu (mnavu), mboga nyingine ya kienyeji, inasumbua zaidi: sampuli iliyoandikwa *Solanum nigrum* huenda ni *S. scabrum*, yenye matunda meusi ya zambarau, au *S. villosum*, yenye matunda ya rangi ya chungwa. Naomba picha ya matunda kabla ya kuamini jina.

Kisha nachuja. Kwenye orodha hizo aina ya sampuli huandikwa kwa namba: 300 ni mbegu za kienyeji za wakulima, 100 ni za porini. Vipimo vya ramani vya mahali mbegu ilikokusanywa vikitua baharini, sampuli hiyo naiweka kando. Naangalia pia namba ya mkusanyaji, kwa kuwa sampuli moja inaweza kukaa kwenye benki ya Muguga, Kenya, na ya Arusha, Tanzania, kwa namba mbili tofauti, ukaipanda mara mbili ukidhani ni aina mbili. Mwisho, je, inagawiwa? Kuwemo kwenye orodha si kuwa na mbegu za kutoa.

Saa tano. Barua kwa World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye benki ya jeni: sampuli ishirini, si mia mbili. Benki kwa kawaida hutoa mbegu chache tu kwa sampuli, maana akiba ikipungua lazima izalishwe upya, na kila uzalishaji una hatari ya kuchanganya chavua. Mkataba wa SMTA, ule wa kawaida wa kupokea mbegu kutoka benki, nausoma wote: mbegu ni za utafiti, uzalishaji wa aina mpya na mafunzo kwa ajili ya chakula na kilimo, na hairuhusiwi kudai hakimiliki inayowazuia wengine kuzipata jinsi zilivyopokelewa.

Saa saba. Kibali cha kuingiza mbegu cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kinatangulia mbegu, hakifuati. Mkaguzi wa nchi inakotoka mbegu hutoa cheti cha afya ya mimea kwa kufuata masharti ya kibali hicho. Jina la mmea lifanane kwenye kibali, cheti na pakiti. Kimoja kikisema *Cleome* na kingine *Gynandropsis*, kifurushi kinaweza kuzuiliwa.

Saa tisa. Pakiti za ombi la awali zimefika; zilizotoka kwenye baridi hazifunguliwi papo hapo. Zikae zimefungwa hadi zifikie joto la chumba, la sivyo umande utalowesha mbegu. Saga huota vizuri gizani, kwenye nyuzi 30 hivi, na mwanga huizuia. Mbegu zilizovunwa karibuni hulala, yaani haziotki, kwa miezi kadhaa, kwa hiyo isipoota usikimbilie kusema imekufa. Tunaotesha kwenye trei, si shambani, mbegu zikiwa chache hivi. Maua yanafunikwa kwa neti kabla hayajachanua, kwa sababu wadudu huleta chavua ya jirani na mbegu utakazovuna hazitakuwa tena za sampuli ile.

Saa kumi na moja. Vibandiko kwa penseli, vikibeba namba ya benki yenyewe, kamwe si "saga 1". Siku za kutoa maua zitaandikwa kwa namba hiyo hiyo na kurudishwa benki, ili anayefuata aione sifa hiyo kabla ya kuomba mbegu.