Nilivyopata mchuzi wa ng'ombe wa bia nyeusi usioacha uchungu mdomoni

Nilichokuwa nakitafuta ni mchuzi mzito wa rangi ya kahawia iliyokolea, nyama inayoachana kwa kijiko bila kulazimishwa, na ladha ya bia nyeusi inayosikika kwa mbali. Kwa mbali, nasisitiza. Nyama kulainika hakujawahi kunisumbua, maana hilo ni suala la muda na moto mdogo. Kazi yote ilikuwa kwenye uchungu.

Uchungu wa bia una tabia yake. Mchuzi ukizidi chumvi unaongeza maji, ukipungua unaongeza chumvi. Lakini ukimimina bia nyeusi chupa mbili sufuriani ukaiacha itokote saa tatu, maji yanapanda hewani na uchungu unabaki palepale, sasa ndani ya mchuzi kidogo zaidi. Kadiri unavyosubiri upungue, ndivyo unavyoongezeka. Mapishi mengi yanakwambia "mimina bia, chemsha mpaka mchuzi uwe mzito" kana kwamba bia zote ni moja. Hapo ndipo nilipoamua kuanza na chupa yenyewe kabla ya kuigusa nyama.

Bia nyeusi ina uchungu wa aina mbili. Wa kwanza unatokana na hopsi, yale maua yanayochemshwa pamoja na kimea wakati bia inatengenezwa. Wa pili unatokana na shayiri au kimea kilichokaangwa kwa joto linalopita nyuzi 200 za Selsiasi mpaka kikawa cheusi, na uchungu huu unafanana na wa kahawa. Ule wa kukaangwa unapatana vizuri na nyama ya ng'ombe. Wa hopsi ndio unaokwaruza. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni kuonja bia ikiwa haina baridi, kwa sababu baridi huficha mambo mengi. Nikimeza halafu ulimi ukabaki umekauka na kukunjamana, bia hiyo naiacha kwa wanywaji. Ikiniachia ladha ya mkate ulioungua kidogo, kahawa au sukari iliyoyeyushwa, inafaa.

Kati ya aina za bia nyeusi, stauti kavu ya mtindo wa Ireland, mfano wake maarufu ukiwa Guinness, ambayo kiwanda chake kilianzia Dublin mwaka 1759, inafaa ukiitumia kwa kiasi. Porta, aina nyingine ya bia nyeusi, nyingi ni laini zaidi. Kuna stauti ya maziwa, ambayo huongezwa laktosi. Hamira ya bia haiwezi kuila sukari hiyo, kwa hiyo utamu wake unabaki mpaka sufuriani. Na zipo bia nyeusi za Ubelgiji zenye hopsi kidogo na harufu ya matunda makavu. Wabelgiji wana mchuzi wao wa siku nyingi, carbonade, wa nyama ya ng'ombe, vitunguu vingi na bia, na juu yake huwekwa kipande cha mkate kilichopakwa haradali ambacho huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Kutoka kwao nimechukua haradali na vitunguu, mkate nimeuacha. Bia ninayoiogopa kabisa ni ile iliyojazwa hopsi kwa makusudi, hata kama rangi yake ni nyeusi tii. Rangi haisemi lolote kuhusu uchungu wa hopsi.

Kiasi nilichotulia nacho ni mililita 330 za bia kwa kilo moja na robo ya nyama, pamoja na mililita 500 hivi za supu ya mifupa isiyo na chumvi. Najua wapo watakaosema bia ni kidogo. Wapike ya kwao.

Tuje kwenye nyama. Nachukua muundi au bega, sehemu zinazofanya kazi kwa mnyama, zenye kano na utando mweupe unaopita katikati ya mnofu. Utando huo ni kolajeni, na ukikaa muda mrefu kwenye joto la unyevu, kuanzia nyuzi 70 hivi na kuendelea, huyeyuka ukawa jelatini. Jelatini ndiyo inayofanya mchuzi ushike midomo. Sarara, kwa bei yake yote, haina kitu cha kuyeyuka. Ukiipika saa tatu unapata nyuzi kavu zinazoelea. Vipande navikata vikubwa, sentimita tano kwa tano, maana vitasinyaa. Navipaka chumvi usiku wa kuamkia siku ya kupika na kuviacha wazi kwenye friji. Chumvi inaingia ndani, na juu panakauka.

Kukauka huko kuna maana. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. Ule wekundu wa kahawia na harufu yake hutokea pale protini na sukari zinapokutana kwenye joto kali, kama nyuzi 140 kwenda juu, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Maji hayapiti nyuzi 100 yakiwa kwenye sufuria ya kawaida, kwa hiyo maadamu kuna maji juu ya nyama, wekundu huo hauji. Nafuta kila kipande kwa karatasi, napasha mafuta kwenye sufuria nzito yenye kitako kinene, naweka vipande vichache kwa awamu, na sivigusi mpaka viachie vyenyewe. Hapa watu hupenda kusema kwamba unaziba nyama isitoe maji yake. Dhana hiyo ilienezwa karne ya 19 na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, na si kweli: nyama iliyokaangwa hutoa maji vilevile. Unakaanga kwa ajili ya ladha, basi. Ndiyo maana pande mbili kwa kila kipande zinanitosha. Kukaanga pande zote sita kunaifanya nyama ya nje iwe ngumu, na kunamaliza asubuhi yako.

Kinachobaki chini ya sufuria baada ya nyama kutoka ni ukoko wa kahawia, na ndio nusu ya mchuzi. Lazima uuchunge. Ukiwa kahawia ni mali. Ukigeuka mweusi ni uchungu wa tatu, na miwili tuliyonayo inatosha. Nikiona unaanza kuwa mweusi kati ya awamu, namwaga maji vijiko viwili, naukwangua kwa mwiko, namimina pembeni kwenye bakuli, kisha naendelea na awamu inayofuata.

Vitunguu maji vinne vikubwa, vimekatwa vipande vyembamba, vinafuata kwenye mafuta yaleyale, moto ukiwa wa wastani, na chumvi kidogo. Navipa dakika 30 au zaidi. Vitunguu hivi vina kazi mbili. Moja ni utamu: vikipikwa polepole mpaka viwe na rangi ya asali, utamu wao unasawazisha bia bila mchuzi kuwa kitindamlo. Ya pili watu wengi hawaitaji: bia ina asidi, na asidi huzuia mboga kulainika. Kitunguu kilichoingia kwenye bia kikiwa bado kigumu kinaweza kukaa humo saa mbili kikiwa bado kinalia menoni. Kilainishe kwanza, ndipo umwage bia. Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisitegemee viazi viive kwa muda ule viivao kwenye maji matupu.

Vitunguu vikiwa tayari naongeza punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, vijiko viwili vya nyanya nzito ya kopo, nakoroga mpaka nyanya iwe na rangi ya matofali, halafu vijiko viwili vya unga wa ngano. Unga naupika na mafuta dakika mbili ili harufu ya ubichi itoke. Wengine huupaka kwenye nyama kabla ya kukaanga. Mimi siupendi huko kwa sababu unaanza kuungua kabla nyama haijapata rangi.

Sasa bia. Naifungua mapema, naimimina kwenye jagi na kuiacha gesi ipungue, la sivyo inafura povu sufuriani na kumwagikia jiko. Naimwaga kidogo kidogo nikikwangua ukoko mpaka kitako cha sufuria kiwe safi. Naiacha ichemke wazi dakika tano tu ili makali ya harufu ya kileo yapungue, kisha supu, nyama pamoja na maji yote iliyoyatoa, jani moja la bay (lile jani kavu la kiungo), na vijiti viwili vya thaimu. Sipunguzi mchuzi katika hatua hii hata kidogo. Uzito utakuja kutoka kwenye jelatini na unga, na hiyo ndiyo njia niliyoiona ya kupata mchuzi mzito bila kuukamua uchungu.

Nikiwa na oveni, naweka nyuzi 150, mfuniko ukiwa umeachwa wazi upenyo wa kidole. Bila oveni, moto mdogo kabisa wa jiko, na unachotaka kuona ni viputo viwili vitatu vinavyopanda na kupasuka polepole. Mchuzi unaobubujika kwa nguvu unakausha nyama humohumo ndani ya maji, jambo linaloshangaza mpaka ulione: nyuzi za mnofu zinajikaza na kukamua unyevu wake nje, na mchuzi wote ule hauwezi kuurudisha.

Baada ya saa moja, chomoa kipande uonje. Kitakuwa kigumu, pengine kigumu kuliko kilipoingia. Wengi huongeza moto hapa, na wasingepaswa. Mnofu umeshakaza lakini kolajeni bado haijayeyuka. Unapita kwenye bonde kabla ya kupanda upande wa pili. Kwangu muundi hukubali kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu, kutegemea mnyama. Sitazami saa sana. Nachoma uma katikati ya kipande na kuuzungusha. Ukizunguka bila ubishi, nyama imeiva.

Karoti na viazi vinaingia saa ya mwisho, vimekatwa vikubwa. Nikiwa na haraka, viazi navichemsha pembeni na kuviunganisha mwishoni, wala hakuna anayetambua.

Kuonja ndiko kulikonimalizia tatizo langu, na mpangilio wake una umuhimu. Naonja nyama ikishalainika, sio kabla. Uchungu ukijitokeza, mkono wangu unakwenda kwenye chumvi kwanza, kwa sababu chumvi hupunguza jinsi ulimi unavyousikia uchungu, na kwa kuwa supu haikuwa na chumvi, nafasi ipo. Ni mara nyingi tu chumvi pekee inatosha. Ukiwa bado upo, kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kahawia, nakoroga, nasubiri dakika tano, naonja tena. Kijiko cha tatu sijawahi kukihitaji kwa bia niliyoichagua vizuri. Mwisho kabisa kijiko cha chakula cha haradali na matone ya siki, maana mchuzi uliopikwa muda mrefu hulala mdomoni, na ukali kidogo unauamsha. Ukianza na sukari kabla ya chumvi, unapata mchuzi mtamu na mchungu kwa pamoja, ambao ni mbaya kuliko mchungu.

Kuna jambo moja nalisema kabla sijampakulia mtu yeyote: humu mna bia. Shemeji yangu hagusi kileo, na mara ya kwanza aliniuliza, "Si imeshachemka yote, pombe imekwisha?" Haijaisha yote. Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochanganywa na kileo na kupikwa kwa kutokota hubaki na kama asilimia 25 ya kileo baada ya saa moja, na kama asilimia 5 baada ya saa mbili na nusu. Kwa chupa moja iliyogawanywa kwa watu sita ni kidogo sana, lakini kidogo si sifuri, na uamuzi ni wake, si wangu. Yeye nilimpikia sufuria yake kwa supu, vitunguu vilivyokolea, kijiko cha kahawa kali na siki. Haifanani kabisa, ila ilitoka vizuri kiasi kwamba siku hizi naipika hata asipokuwepo. Anayeepuka ngano na shayiri naye aambiwe, kwa sababu kubadilisha unga hakusaidii wakati bia yenyewe imetokana na shayiri.

Mchuzi huu ni bora kesho yake. Nikiuipua naugawa kwenye vyombo vipana visivyo na kina upoe upesi, na ndani ya saa mbili uwe umeingia friji. Sufuria nzima ya moto iliyoachwa mezani usiku kucha inakaribisha bakteria. Asubuhi mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe, nayaondoa kwa kijiko na kubakiza kidogo. Chini yake mchuzi umeshikana na kutikisika. Usiuongeze maji kwa kuuona hivyo, ukipata moto utalegea. Naupasha polepole mpaka utoe mvuke kila mahali, ndipo naonja chumvi kwa mara nyingine, kwa sababu chumvi iliyotosha jana leo huwa inaweza kuhitaji chembe moja zaidi.