Jinsi timu yetu ilivyoacha kusema "hakuna changamoto" kila asubuhi

Nimechoka kusikia watu wakisema ajaili, yaani kutengeneza programu kidogo kidogo huku mteja anaona kila hatua, haiwezekani kwenye ofisi zetu za Bongo, eti sisi tumezoea kuamrishwa. Kipindi timu yangu imekwama niliambiwa hivyo na watu watatu tofauti, na mmoja wao ana cheti kabisa cha skramu, moja ya njia za kufanya ajaili. Kwetu imewezekana. Imechukua kama miezi minane hivi, na kilichokuwa kinatukwamisha hakikuwa kwenye bodi ya kazi wala kwenye Jira, ile programu ya kufuatilia kazi.

Tuko watu tisa, Dar, tunatengeneza mfumo wa SACCOS, yaani akiba, hisa, mikopo, makato ya mishahara, vitu hivyo. Zamani kazi ilikuwa inaenda hivi, mkataba unasainiwa, madevelopa wanajifungia miezi sita, mteja anauona mfumo kwa mara ya kwanza siku ya mafunzo halafu anasema sio hiki tulichotaka. Nilipopewa kuongoza timu nikaomba tubadilike, ofisi ikakubali, tukaletewa mtaalamu siku mbili hotelini, na chai na chakula ilifika milioni tatu na ushee. Akatufundisha habari za wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, mwaka 2001 wakaandika ilani ya ajaili, akatufundisha sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi ambacho mwisho wake mnaonyesha mlichotengeneza, akatufundisha retro, kikao cha mwisho wa sprinti cha kujadili tulivyofanya kazi. Jumatatu tukaanza. Karatasi za rangi ukutani, sprinti ya wiki mbili, standapu, yaani mkutano mfupi wa kusimama, kila siku saa tatu asubuhi.

Sasa niwaeleze ilivyoharibika, maana hapa ndipo nilipojifunza.

Mwongozo wa skramu unasema ule mkutano wa kila siku ni dakika 15 na ni wa madevelopa kupanga siku yao. Wa kwetu mkurugenzi alikuwa anahudhuria. Ni mzee mwema sana, anatujali, hata msiba ukitokea anakuwa wa kwanza kufika. Lakini akiingia tu ni shikamoo mzee, marahaba, na macho yote yanahamia kwake. Mtu anaongea na mzee, sio na wenzake. "Jana nimeendelea na moduli ya mikopo, leo naendelea, hakuna changamoto." Anayefuata, hakuna changamoto. Mpaka wa mwisho hakuna changamoto, na bado tunamaliza dakika 40 kwa sababu mzee akiuliza swali moja anajibiwa kwa hotuba.

Kulikuwa na kijana mmoja mdogo kwenye timu, kazi yake kuunganisha malipo ya simu. Siku tisa za sprinti ya siku kumi alisema "naendelea vizuri". Siku ya kumi, saa chache kabla ya kumuonyesha mteja, ndiyo nikajua hajaandika hata mstari mmoja unaofanya kazi, hajapata funguo za majaribio, yaani namba za siri za kujaribia kuunganisha mifumo, kutoka kampuni ya simu, na hajazipata kwa sababu barua ya maombi iko mezani kwa mkurugenzi, haijasainiwa. Kijana wa watu alikuwa anaripoti maendeleo kila asubuhi mbele ya mtu mwenye barua yake! Nilipomuuliza akaniambia, "Dada, ningeanzaje kusema mbele za watu kwamba mzee ndiye ananichelewesha?" Sikuweza kumgombeza. Na mimi nimelelewa hivyohivyo.

Ushauri niliopewa hapo bado unaniudhi mpaka leo. Mmoja alisema nunueni Jira ya kulipia, mwingine akasema fukuza hao wavivu uajiri wapya, mwingine akasema weka faini. Hiyo ya faini niliijaribu, elfu mbili kwa kila kazi isiyoisha kwa wakati, na naomba msiige. Ndani ya wiki mbili kazi ya siku moja ikaanza kukadiriwa siku nne, kila mtu anajilinda, na ukimya ukazidi. Nikaifuta na hela zao nikawarudishia.

Basi Ijumaa moja jioni watu wameshaondoka nikaenda kwa mzee ofisini kwake. Mtu mzima haambiwi jambo kama hilo mbele ya watoto, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Nikajua pia sprinti na retro hazitamgusa, ila mzee alianzia kazi kiwandani, kwa hiyo nikamuelezea Toyota. Kwamba pale kwenye laini ya kuunganisha magari mfanyakazi wa chini kabisa akiona kasoro anavuta kamba, msimamizi anakuja kumsaidia, na lisipotatuka haraka laini inasimama. Hagombezwi kwa kuvuta. Nikamwambia mzee, sisi hatuna kamba, na hata ingekuwepo hakuna ambaye angeivuta ukiwepo. Kisha nikamtajia ile barua.

Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo changamoto ni mimi."

Nikamuomba mambo mawili tu. Kwenye standapu aongee wa mwisho, na Jumatatu aanze yeye kusema alipokwama, hiyo siku moja tu.

Jumatatu akasimama akasema, "Mimi ninayo changamoto. Kuna barua ya huyu kijana nimekaa nayo wiki kadhaa. Nisameheni, nimeisaini asubuhi hii." Jamani pale palikuwa kimya mpaka feni inasikika. Halafu dada anayefanya testingi akanyoosha mkono, akasema wiki mbili zote anapima kwa data za mwaka jana kwa sababu hakuna aliyempa bakapu mpya, yaani nakala mpya ya data. Akafuata mwingine, na mwingine. Siku ile tulibandika kwenye bodi karatasi nyekundu 11 za mambo yaliyokwama, na mimi nilitoka pale nimefurahi kama nimepewa zawadi.

Kuanzia hapo tukageuza na utaratibu wa kuongea. Nyumbani mkubwa akishasema, mdogo anaitikia tu, kwa hiyo kwetu mdogo kabisa ndiye anaanza, yule wa fildi kutoka chuo, anaongea kabla hajasikia wakubwa wanaelekea wapi. Kwenye retro tunaandika kimya dakika saba, wote kalamu za bluu, herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, karatasi zinatiwa kwenye ndoo na mimi nazisoma. Ya kwanza kabisa iliandikwa KAZI INABADILISHWA KWA SIMU SAA NNE USIKU. Mzee akaisikia, na simu za usiku zikaisha wiki hiyohiyo. Baada ya miezi mitatu watu wenyewe wakaanza kuandika majina yao.

Na msikae ofisini tu. Nilipeleka madevelopa wawili Morogoro kwa basi, wakakaa na mhasibu wa SACCOS moja asubuhi nzima. Wakakuta makato anayaandika kwenye daftari kwanza, kwa sababu orodha ya mwajiri inakuja kwa alfabeti na mfumo wetu unapanga kwa namba ya mwanachama, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anatafuta jina mojamoja kwa kidole. Miaka miwili mteja analalamika mfumo ni mgumu, na marekebisho yalichukua siku mbili. Yule mama alipopiga simu kushukuru niliiweka spika wote wasikie.

Mwezi uliopita mzee alikuja na tarehe aliyomuahidi mteja, Ijumaa. Yule wa fildi, ana miezi mitano tu kwetu, akasema, "Mzee samahani, Ijumaa haiwezekani, uhamishaji wa data haujapimwa."

Mzee akamuuliza, "Ipi inawezekana?"

"Jumatano ijayo, mzee."

Akatoa simu mfukoni, akampigia mteja palepale tumesimama.