Kabati la Karafuu: kumbukumbu ya makazi ya nyoka wangu wa kwanza

Desemba

Uamuzi umepita nyumbani kwetu Leicester: nyoka anakuja. Ila anakuja baada ya nyumba yake kujengwa na kupimwa, si kabla. Mke wangu ametoa masharti mawili. Asikutane na nyoka nje ya kabati bila kupewa taarifa, na panya wake wasilale friza moja na nguru na changu. Nimekubali yote mawili. Friza ndogo ya mitumba imeshapatikana na iko chini ya ngazi.

Nimemchagua nyoka wa majumbani wa Kiafrika, wa jenasi ya Boaedon. Hapa Uingereza wengi wanaoanza huchukua nyoka wa mahindi mwenye asili ya Marekani, naye ni mpole na mvumilivu, sina ubaya naye. Lakini mimi ni mtu wa Pangani. Huyu wa kwetu ndiye aliyekuwa akikatiza usiku kwenye makuti na kwenye ghala za mahindi akifuata panya, nasi tukampokea kwa rungu. Hana sumu. Hukamata windo kwa meno, akalizungushia mwili na kulibana mpaka lizimike. Ni wa kahawia, na ukimmulika ngozi inatoa rangi za upinde wa mvua. Kila upande wa kichwa ana mistari miwili hafifu, mmoja unapita juu ya jicho na mwingine chini yake. Jike hukua kuliko dume, anaweza kufika mita moja hivi. Akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo huu si mradi wa msimu mmoja.

Wanaouzwa hapa na wafugaji wazuri wametotolewa kwenye masanduku, hawakukamatwa porini. Kwa sheria ya Uingereza ya wanyama hatari ya mwaka 1976 nyoka huyu hahitaji leseni. Inayonibana mimi ni sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, inayomtaka mfugaji atimize mahitaji ya mnyama wake: makazi, chakula, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, kuwa na wenzake au kutengwa nao, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi.

Wewe unayesoma ukiwa Muheza au Mombasa, hali yako ni nyingine. Tanzania ina sheria ya wanyamapori ya 2009 na Kenya ina yake ya 2013, na mnyamapori haokotwi akawekwa chumbani bila kibali. Kuna sababu nzito kuliko karatasi: si kila nyoka mdogo wa rangi iliyofifia ni huyu. Wapo wa jenasi ya Atractaspis, weusi au wa kahawia iliyokolea, wanaoishi ardhini, na hao hawashikiki salama hata nyuma ya kichwa, kwa sababu meno yao ya sumu hutokeza pembeni mdomo ukiwa karibu umefungwa. Watu wamepoteza vidole kwa kujiamini. Mwache apite.

Januari, mwanzoni

Kabati linajengwa. Urefu sentimita 90, kina 45, kimo 45, la plaiwudi iliyopakwa vanishi ya maji, na mbele vioo viwili vya kusukuma. Fundi mkuu si mimi, ni mzee jirani yangu, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na kufanya useremala maisha yake yote. Tunazungumza Kiswahili uani, majirani wengine wanatuangalia.

Nilipomweleza kazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kijana, kabati hili ni la kumzuia nyoka asitoke au la kumzuia mkeo asiingie?"

"Yote mawili, mzee."

"Basi tuanze na nafasi."

Na kweli kazi yote iko kwenye nafasi. Kwa nyoka kanuni ni moja: kichwa kikipita, mwili mzima umepita. Tundu la nyaya tumeliziba kwa silikoni ya matangi ya samaki, ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, na kabati likaachwa wazi mpaka harufu ya siki ikaisha kabisa. Matundu ya hewa, chini upande mmoja na juu upande wa pili, yamewekewa wavu wa chuma. Pagumu palikuwa kwenye vioo. Vioo viwili vinavyopishana huacha mwanya mwembamba katikati, na wafugaji wengi hawauoni kwa sababu macho yao yako kwenye kufuli. Mzee alibandika ukanda mwembamba wa plastiki angavu kwenye ukingo wa kioo cha ndani, unaokigusa kile cha nje kinapofungwa. Kufuli tumeweka pia, kwa ajili ya binti yetu wa darasa la tatu kuliko kwa ajili ya nyoka.

Januari, katikati

Kabati ni la baadaye. Nyoka mchanga wa unene wa penseli ataanzia kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha vibanio, na matundu ya hewa nimeyatoboa kwa msumari wa moto. Chini ya theluthi moja ya sanduku, kwa nje, kuna mkeka wa joto wa umeme. Theluthi tu, kwa sababu nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Anahitaji pa kulifuata na pa kulikimbia. Sanduku lenye joto sawasawa kila kona ni jela hata kama nyuzi ni sahihi.

Sehemu hii nataka niieleze kwa kirefu, maana ndiyo mradi wenyewe. Ukisikia nyoka amekataa kula, ametapika au ameungua tumbo, mara nyingi swali la kwanza ni la joto. Mkeka wa joto haujui kusimama. Niliuwasha makusudi bila themostati, yaani kidhibiti joto, sanduku likiwa tupu, ili nione. Sakafu ilipita nyuzi 43, na bado ilikuwa inapanda nilipozima. Nyoka si mwepesi wa kukwepa joto linalotoka chini yake, anaweza kulala palepale akaungua.

Themostati ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote nilivyonunua, na ningeongeza hela hapo kabla ya kununua hata jani moja la plastiki la kupambia. Kihisio chake, kile kinachopima joto, nimekibana kati ya mkeka na sanduku, ili nyoka asikisogeze wala kukikojolea. Nimekiweka nyuzi 31. Ndani, upande wa joto unakaa 29 hadi 31, upande wa ubaridi 22 au 23, na usiku chumba kikipoa upande huo unashuka kidogo bila madhara. Kila upande una kipimajoto chake cha kidijitali, maana namba ya themostati ni agizo tu, haithibitishi kuwa agizo limetekelezwa. Nina pia kipimajoto cha mkononi cha mafundi, ndugu wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Hicho hunionyesha joto la sakafu yenyewe, si la hewa.

Nimepima asubuhi na usiku, siku za baridi kali na siku za afadhali, sanduku likiwa halina mtu. Wanaouza vifaa hawakwambii ungoje hivi. Ngoja.

Kwa kutandika nimechagua maranda ya mti wa aspeni, makavu na yasiyo na harufu. Ya msonobari na mwerezi hayafai kwa sababu ya mafuta yake makali. Dukani wanauza pia makumbi ya nazi, yamekandamizwa kama tofali na kufungwa kwenye karatasi nzuri. Nilisimama nikasoma bei mara mbili. Makumbi! Yale tunayowashia moto Pangani!

Maficho ni mawili yanayofanana, moja kila upande, finyu kiasi cha nyoka kugusa kuta zake akijikunja. Ficho likiwa moja tu, itabidi achague kati ya usalama na joto, na mara nyingi atachagua usalama, akae na baridi. Bakuli la maji zito liko upande wa ubaridi.

Februari

Amefika. Jike, gramu 14, anakula panya wachanga wa kugandishwa, na mfugaji amenipa karatasi ya tarehe za milo yake. Bila karatasi hiyo nisingemchukua. Binti yetu amemtazama akasema anaitwa Karafuu, na hakuna aliyepinga.

Wiki ya kwanza hatukumgusa, maji tu kubadilishwa. Hawa ni wa usiku, kwa hiyo mchana kutwa unatazama maranda. Kisha saa nne usiku kichwa kinachomoza.

Mlo wa kwanza: panya nimemyeyusha kwenye friji, kisha nikamtia kwenye mfuko ndani ya maji ya moto kiasi mpaka akafikia joto la mwili. Maikrowevu haifai, inapasha bila usawa, sehemu ikaiva na nyingine ikabaki baridi. Nikamshika kwa kibano kirefu, maana nyoka hawa wana uchu na vidole vyenye harufu ya panya ni panya. Kabla sijamtikisa mara ya pili alikuwa ameshakamatwa na kuviringishwa. Ukubwa wa windo usizidi sana unene wa nyoka mwenyewe sehemu ya katikati. Kwa umri wake ni kila baada ya siku 5 hadi 7, na akishakula haguswi kwa siku mbili.

Mama alipiga simu siku hiyohiyo. Kuna mtu amempelekea habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti unafuga nyoka?"

"Ni yule wa kwenye makuti, mama. Hana sumu."

"Yule uliyekuwa unamkimbia bure, leo unamlipia hela?" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Usimwambie baba yako mdogo. Atasema umeshika uganga."

Usafi tumeupangia utaratibu. Mikono kwa sabuni kabla na baada, vyombo vyake havioshewi kwenye sinki la jikoni, kibano chake hakigusi chakula chetu. Reptilia wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua. Tungekuwa na mtoto chini ya miaka 5, mradi huu ungesubiri.

Machi

Macho yamegeuka ya buluu yenye ukungu na ngozi imefubaa. Anataka kujivua gamba, gamba la kweli, si lile la wanasiasa. Nimemwekea kikopo chenye tundu, ndani kuvumwani, mimea laini inayoshika unyevu, iliyoloweshwa na kukamuliwa. Mlo aliukataa, nami sikumsumbua. Macho yakatakata, siku chache baadaye gamba likatoka zima, kuanzia pua hadi mkia. Nimelikagua kwenye mwanga: vifuniko vya macho vyote viwili vimo, ncha ya mkia imo. Hizo ndizo sehemu zinazobaki zikaleta shida. Binti amelipeleka shule kwenye bahasha.

Baada ya hapo alikula kwa pupa. Mizani inasoma gramu 19.

Kwenye kabati kubwa majaribio yanaendelea. Huko joto linatoka juu, kwa balbu ya kauri isiyotoa mwanga, ndani ya kizimba cha waya kilichofungwa kwa skrubu, maana nyoka hujiviringisha kwenye balbu ya moto bila kuonywa na ngozi yake. Themostati yake ni ya aina inayopunguza umeme kidogokidogo, kwani ile ya kuwasha na kuzima haipatani nayo vizuri. Chini ya balbu napata 31, kona ya mbali 22. Kabla ya kumhamisha nataka kuona linavyokwenda siku za joto la Julai, chumba cha juu kinapochemka na tatizo kugeuka: si kupasha tena, ni kupoza. Mzee anapendekeza feni ndogo ya kompyuta kwenye tundu la juu. Nimemwambia alete, ila wavu utangulie.