Tairi za bei nafuu kwenye Impreza yangu: nilivyochagua na nilivyozipima

Washkaji wenye Subaru hapa Arusha wananiuliza sana kama tairi mpya za Kichina zinamfaa mtu ambae asubuhi anapeleka watoto shule, mchana yuko kwenye foleni kule Mnara wa Saa, afu jumapili akipata nafasi anataka kukimbiza gari kwenye kona mbili tatu bila roho kumtoka. Zinafaa, ila sio zote, na mi nilichojifunza ni kwamba jina kubwa lililoandikwa ubavuni halikwambii kitu, mambo yako kwenye yale maandishi madogo chini yake ambayo hata muuzaji mwenyewe hajawahi kuyasoma.

Gari yangu ni Impreza ya 2009, hatchback, tairi zake 205/55R16. Ilishuka bandarini na tairi zake za Japani, na kila aliyeziona akasema hizo usiguse, tairi ya Mjapani haiishi. Sasa ukiangalia ubavuni imeandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa tu, na pembeni kuna kamchoro ka mlima kenye theluji ndani yake. Hizo ni tairi za baridi kali. Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye barafu, na kashata zake, yaani vile vipande vya raba vinavyokanyaga lami, zimechanjwa chale nyembamba nyingi sana ili zing'ate theluji. Sasa kaitembeze hiyo kitu saa nane mchana unashuka Makuyuni lami inachemka, raba inakua laini kupita kiasi, kashata zinacheza, ukikata kona usukani unajibu kwa kuchelewa, na meno yanaisha upesi. Zinashikilia wapi? Hokkaido, kule Japani kwenye theluji. Kwaiyo kama gari yako imetoka Japani juzi nenda kaangalie ubavuni leo, usisubiri mtu akwambie.

Nikaanza kutafuta. Kwanza ujue Subaru ya AWD, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne, haitaki habari za kununua tairi mbili mbili. Tairi zote nne zinatakiwa ziwe saizi moja, aina moja na ziwe zimelika karibu sawa, watu wa Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, maana ikizidi ile difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inakua inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, inachemka, na bei ya kuitengeneza unanunua seti mbili za tairi na chenji inabaki. Hesabu zangu zote zikawa za tairi nne kwa mpigo, na hapo ndo utaelewa kwanini bei ilikua na maana.

Mbele yangu kulikua na njia tatu. Tairi zilizotumika, ambazo nilizikataa hata kabla ya kuziona coz hujui ilitembea na upepo gani huko ilikotoka, labda ilibebeshwa mzigo ikiwa nusu tupu, nyaya za ndani zimeshachoka na kwa nje inang'aa imepakwa dawa. Njia ya pili ni majina makubwa, Michelin, Bridgestone na wenzao, tairi nzuri sana sina ubishi nazo, ila bei ya moja pale dukani ilikua inakaribia bei ya mbili za Kichina. Na ya tatu ndo hizi za bei nafuu, za China, Taiwan, Indonesia, India. Zamani Arusha tulikua na kiwanda chetu cha General Tyre, mitambo ikazimwa mwishoni mwa miaka ya 2000, na wazee wengine mpaka leo wanapimia kila tairi kwa zile. Ndo hivo, sasa hivi tunaletewa.

Kitu kimoja watu hawakijui kuhusu hizi za bei nafuu ni kwamba "Mchina" sio mtu mmoja. Westlake na Goodride kwa mfano zote zinatoka kampuni moja, Zhongce ya Hangzhou, kwaiyo ukikuta watu wawili wanabishana ipi kali waache tu. Sailun wana kiwanda mpaka Vietnam. Nankang na Kenda ni za Taiwan. Wapo wenye maabara na viwanja vyao vya kujaribia, na wapo ambao jina la tairi unalisikia mwaka huu mwakani halipo tena. Hao wa mwisho ndo wa kuwakimbia.

Haya, maandishi madogo. Ukiona 91V, ile 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, na V maana yake imepimwa kwa spidi 240. Najua, nani anaenda 240 na tochi zimejaa kila kijiji? Ila tairi ya V au W kwa kawaida imeundwa ubavu mgumu kuliko ya T au H, na ubavu mgumu ndo unaofanya usukani ujibu haraka kwenye kona, hicho ndo unachonunua. Ukiona 94 na maneno XL, imeongezewa nguvu, inabeba kilo 670, itakugonga mgongo kidogo kwenye mashimo lakini kwa barabara zetu mi naona ni faida.

Halafu kuna treadwear, namba ya tairi inalika haraka kiasi gani. Hii namba ndo inayochanganya watu. Ukiona 200 ni tairi laini ya michezo, itakamata vizuri na itaisha mapema, 300 mpaka 400 na kitu ndo eneo la tairi za mwendo za kila siku, ukifika 600 hiyo ni tairi ya kutembea taratibu na kudumu. Shida ni kwamba kila kiwanda kinajipangia namba yake mwenyewe kwa kujilinganisha na tairi ya kipimo yenye 100, kwaiyo 400 ya huyu sio lazima iwe sawa na 400 ya yule. Mi nilitumia kama fununu tu. Nilichokazania zaidi ni herufi ya traction, yaani kukamata lami, hiyo inapimwa kwa breki kwenye maji, AA ndo juu, A inafuata, chini ya A nikawa naweka chini naendelea na safari. Temperature, yaani kuvumilia joto, nayo A, kwa sababu ya hilo joto la Makuyuni nililolisema.

Duka moja tairi zilikua bado na ile stika ya Ulaya, yenye herufi A mpaka E ya breki za kwenye mvua na kelele kwa desibeli. Ile stika mpya iliyoanza 2021 ina QR, nikatoa simu nikaskani palepale, ikanipeleka kwenye rejista ya Ulaya nikaona ile tairi ipo kweli na herufi zinafanana. Muuzaji alibaki ananiangalia, akasema "kaka, wewe unanunua tairi au unaoa?" Ila alinipunguzia.

Na tarehe. Yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT yana namba nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, 1423 ni wiki ya 14 mwaka 2023. Niliwekewa mezani tairi za jina kubwa zenye punguzo tamu kabisa, nikainama kusoma, zilikua na miaka sita dukani, na kwa duka lenyewe zilikua zinakaa nje juani. Nikashukuru nikaondoka.

Sasa ile M+S (tope na theluji) inayoandikwa kwenye all season, tairi za misimu yote. Hapa nina maoni yangu. Ulaya wanahesabu kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 ndo tairi ya kiangazi inaanza kuwa ngumu, na Arusha mjini hata Julai asubuhi na ukungu wake hatufiki huko, kwaiyo kwa lami tupu tairi yao ya kiangazi ingetutosha mwaka mzima. Mi nilichukua all season kwa sababu ya kilomita mbili za vumbi kufika kwangu, ambazo masika zinageuka tope, na ile mifereji na chale zake zinasaidia kiasi pale. Kama wewe unaishi kwenye lami mpaka mlangoni, chukua ya kiangazi yenye traction nzuri, usilipie theluji.

Nilichonunua mwishoni ni all season ya Kichina, 94W XL, treadwear ya 400 na kidogo, traction A, imetengenezwa ndani ya mwaka. Jina silitaji makusudi, coz saizi nyingine ya jina hilohilo inaweza ikawa na mchoro mwingine na raba nyingine kabisa. Tairi yenyewe ni ile yenye upande wa nje na wa ndani, imeandikwa OUTSIDE, na simama hapohapo fundi akifunga, maana wengi wanaangalia rimu tu. Nikabalansi, nikapiga alaimenti siku hiyohiyo, na upepo nikajaza kwa ile stika ya mlangoni, kama 33 mbele 32 nyuma, tairi zikiwa za baridi. Mafundi wetu ukiwaachia wanajaza 40 kila gari, hapo hata tairi ya Formula One itateleza.

Kilomita mia chache za mwanzo nilitembea kistaarabu tu kwa sababu tairi mpya inatoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu juu yake, inateleza mpaka yalike. Baada ya hapo ndo nikaanza kuzipima.

Binamu yangu ana Impreza kama yangu kabisa, yeye alichukua tairi ya kiangazi ya "sport", ya Kichina pia, bei karibu sawa, ile yenye mchoro wa V. Tukaenda baipasi alfajiri, kipande kirefu kinachoonekana mbele na nyuma na hakuna mtu, tukachagua nguzo moja ya alama, spidi 60, ukifika kwenye nguzo unakanyaga breki mpaka mwisho ABS ipigepige mguuni, tunahesabu hatua kutoka kwenye nguzo. Lami kavu binamu alinishinda kwa hatua mbili tatu hivi kila tukirudia. Tukarudi siku ya mvua, palepale, hapo tukawa tunapishana kidogo sana, wakati mwingine mimi wakati mwingine yeye, na hiyo ndo ilinifurahisha kuliko yote kwa sababu mi breki za mvua ndo ninazozihitaji, wewe unajua matuta yetu yasiyo na rangi na bodaboda anaekatiza na mwavuli. Zile studless nilikua nimezipima pia kabla ya kuzitoa, kwenye maji zilipitiliza mbali mpaka binamu akacheka akidhani nimechelewa kukanyaga.

Kwa upande wa michezo nilienda nazo Mto wa Mbu, kile kipande cha kupanda ukuta wa bonde kuelekea Karatu, lami nzuri, kona kali zinazofuatana. Nenda mapema kabla ya magari ya watalii na malori, na nyani wamekaa barabarani kama wamelipia, kwaiyo mwendo wenyewe ni wa adabu, sio mashindano. Kwenye kona ya kwanza mpaka ya tatu nilihisi usukani unajibu vizuri, mzito kidogo katikati, gari inakaa. Nikiendelea kusukuma ikaanza kulia mbele, na hiki nakihesabu kama sifa, tairi inakupa taarifa mapema, inalia kwanza afu inaanza kusogea polepole nje, haikuachii ghafla. Gari ya binamu inakata kona kwa ukali zaidi, hilo lazima niseme, ila ikifika mwisho wake inaachia bila kuaga. Kwa dereva wa kawaida kama mimi naona bora ile inayolia.

Wakati wa kushuka ndo nikagundua udhaifu. Ukitumia breki sana mfululizo joto likapanda, zile kashata ndefu mpya zinaanza kucheza, unahisi gari inaelea kwa mbali. Hii ni kawaida ya all season ikiwa mpya, kashata zikilika milimita mbili tatu inapungua, na kweli sasa hivi imepungua. Tumia gia ndogo kushukia, ndo dawa.

Kwenye vumbi na tope la kwangu zinapita, sio maajabu, gari yenyewe ina AWD kwaiyo sifa nusu ni ya gari. Kelele zipo. Mwanzo zilikua kimya nikajisifu, baada ya miezi kadhaa kuanzia spidi 80 zikaanza kunguruma kwenye lami ya zamani yenye kokoto, ukiwasha redio hausikii, ila mke wangu anasikia. Nilizungusha mbele nyuma zikatulia kidogo.

Kwa mwenye turbo, WRX au Forester XT anaekanyaga kweli, hii daraja ya tairi singemshauri, ongeza hela uchukue ya kiangazi ya maana. Kwa injini za 1.5 na 2.0 za kawaida nikirudi dukani leo nachukua hizihizi. Zilianza na kama milimita 8, sasa zina 5 na kidogo, zimelika sawasawa pande zote ukitoa ya kushoto mbele iliyopiga shimo pale Kisongo nikarudia alaimenti. Vile vijinundu vya kikomo ndani ya mifereji viko kwenye 1.6 ila mi sitafika huko, kwenye 3 tairi inakua haitoi maji vizuri tena, na kwa mwendo huu naona itafika 3 karibu na masika ya mwakani, kwaiyo hela ya seti nyingine naanza kuitenga Januari.